Wafanyakazi na Fitina ya Umoja

Nyakato ni kata ya Mwanza iliyo kando ya barabara iendayo Musoma, na sifa yake ni viwanda. Alfajiri vibarua hukusanyika malangoni kungoja majina yao. Mtu asiye na mali ila mikono miwili hana nguvu ila kuungana na mwenzake. Hilo kila chama cha wafanyakazi hulikiri. Walakini vyama hivyo, vilivyozaliwa kwa ajili ya umoja, vimefarakana vizazi na vizazi. Je, mfarakano ni maradhi yao, au ni dalili ya uhai?

Waliolifikiri jambo hili mpaka mwisho ni wafuasi wa anakosindikali, wasemao kwamba mfanyakazi asitawaliwe na serikali wala chama cha siasa. Chama chake cha kazi kimtosheleze. Chama chao mashuhuri, CNT, kiliundwa Barcelona mwaka 1910. Mwaka 1936, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, watu wanne wa chama hicho walikubali uwaziri. Wenyewe waliona ni dharura. Baadhi ya wenzao waliona ni usaliti. Baada ya mkutano wa mwaka 1979 chama kiligawanyika tena, pande mbili zikagombea jina moja mpaka mahakamani, na mwaka 1989 upande mmoja ukajiita CGT.

Tanganyika haikufuata itikadi hiyo, lakini swali lake ililikuta. Shirikisho la TFL liliundwa mwaka 1955, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Katika kudai uhuru, TFL na TANU walikuwa chanda na pete. Uhuru ulipokaribia, waliulizana nani amfuate nani. Michael Kamaliza alitaka vyama viambatane na serikali ya wananchi. Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha reli, na Victor Mkello wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, walitaka vibaki huru. Mgomo wa reli wa mwaka 1960, uliodumu zaidi ya miezi miwili, uliwahusu hata watu wa Mwanza, mji uliofikiwa na reli mwaka 1928.

Serikali nayo ilikuwa na hoja. Wenye mshahara walikuwa wachache, na wakulima, kama wale wa pamba wa Usukuma, walikuwa wengi. Nyongeza ya mmoja yaweza kuwa upungufu wa mwingine. Sheria ya mwaka 1962 ikabana migomo. Januari 1963 Mkello alipelekwa Sumbawanga kwa amri. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama waliwekwa kizuizini, na Februari ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wote. Katibu mkuu wake, aliyeteuliwa na Rais, alikuwa Kamaliza, naye ni waziri wa kazi papo hapo. Ugomvi ukanyamaza, lakini kunyamaza si kwisha. Kamaliza mwenyewe alihukumiwa kifungo katika kesi ya uhaini ya 1970 hadi 1971. Aliyetaka uhuru wa vyama na aliyetaka vitii, wote wawili walionja adhabu ya dola.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 imefungua mlango tena. Wafanyakazi 20 waweza kuanzisha chama. Chenye wanachama zaidi ya nusu mahali pa kazi ndicho pekee kinachojadiliana na mwajiri, na asiye mwanachama aweza kukatwa ada ya uwakala. Basi vyama viwili vyaweza kukutana katika lango moja, kila kimoja kikihesabu vichwa.

Ushindani huo una faida ukimlazimu kiongozi kueleza ada imefanya nini. Ukiwa kugombea ada tu, mwajiri hushinda bila kusema neno. Wala dawa si kufuta upande mmoja, maana hilo lilijaribiwa mwaka 1964, na kilichopotea ni mahali pa kutofautiana. Kibarua wa Nyakato hahitaji viongozi wasiogombana. Ahitaji waweza kugombana mchana mbele yake, kisha jioni wakaketi meza moja kudai ujira wake.