Hapana Yetu Ilikuja na Bili

Nilinyoosha mkono juu kabisa. Si ule mkono wa aibu unaoishia kwa sikio, hapana, ulikuwa juu, na ule mwingine umeshika simu narekodi. Pasta alikuwa ameuliza, "Wanaosema tusichukue?" na mimi nilitaka Mungu na mtandao wote wajue niko upande gani.

Hiyo ilikuwa Septemba 2024, kanisani kwetu hapa Kianyaga. Leo nataka kuongea kuhusu huo mkono, kwa sababu ilinichukua miezi kuelewa nilichokuwa nimesema nao.

Kama hujawahi kufika kwetu, ni hivi: unaacha joto la Mwea nyuma, unapita Kutus, unaanza kupanda. Kahawa inageuka kuwa majani chai, na hewa inaanza kuuma masikio. Makanisa makubwa yamekuwa huku tangu enzi za babu zetu. Wamishonari wa Kianglikana walianzisha kituo Kabare, hapo jirani, mwaka 1910. Kwa hivyo ukisema "kanisa" huku, watu wanafikiria jengo la mawe lenye kengele.

Sisi tulianza 2022 katika darasa la nasari la kukodisha. Tulikuwa watu 14, na mmoja alikuwa mtoto wa kunyonya lakini tulimhesabu. Viti vilikuwa vile vidogo vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Kufikia katikati ya 2024 tulikuwa tumepita 120, darasa likakataa kabisa. Mzee mmoja wa kanisa akatupatia kona ya shamba lake, tukaanza kukodisha hema kila Jumapili. Kazi yangu ni kamera. Naweka maneno ya nyimbo kwa skrini, narusha ibada laivu, nakata klipu za wiki. Wengi wetu tuko chini ya miaka 30, na tukiimba unaskia hadi stejini ya bodaboda.

Sasa, kanisa linalokua likiwa chini ya hema linaonekana kutoka mbali. Jumapili moja akaja mtu wa mheshimiwa. Sitamtaja mheshimiwa, na si yeye ninayemwandikia leo. Huyo mtu alikuwa mpole sana. Alisema mabati mia moja yako tayari, mbao pia, na bahasha ya mafundi. Masharti? Hakuna masharti, akasema. Mheshimiwa atakuja tu kuwasalimia watu dakika tano. "Na huyu msichana wa kamera," akanionyesha kwa kidevu, "ahakikishe iko laivu."

Kumbuka huo mwaka ulikuwa wa aina gani. Juni 25 vijana waliingia Bungeni. Watu walipigwa risasi, wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake rais akasema hatatia saini ule Mswada wa Fedha. Mwezi huo huo vijana walikuwa wameanza kuyauliza makanisa swali moja rahisi: hizo pesa mnazopokea madhabahuni zinatoka wapi? Mwezi wa saba rais mwenyewe akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee tena. Na bado, Septemba, mabati mia moja yalikuwa yanatungoja.

Pasta wetu ni kijana kama sisi. Angeamua peke yake, lakini akaleta mambo mbele ya watu wote baada ya ibada. Hapo ndipo nilimpenda zaidi.

Mzee mmoja akasimama kwanza. Akatukumbusha kuhusu David Gitari, mtoto wa Ngiriambu, si mbali na hapa. Enzi za kupiga kura kwa mlolongo, Gitari akiwa askofu alihubiri waziwazi dhidi ya wizi wa kura. Aprili 1989 majambazi walivamia nyumba yake usiku, na majirani waliposikia kelele wakakimbia kumwokoa. Baadaye akawa Askofu Mkuu wa Waanglikana Kenya, kuanzia 1997 hadi 2002. Mzee akasema hivi: askofu angekuwa amekula kwa meza ya wakubwa, hiyo sauti angeitoa wapi? Akakaa. Sisi vijana tukapiga makofi kama tuko uwanjani.

Halafu mamangu akasimama. Upande wa pili.

"Mimi nachuma majani chai," akasema. "Mvua inaninyeshea Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili nataka kukaa mahali pakavu. Huyo mtu hatoi pesa zake. Hiyo ni kodi yangu inarudi nyumbani."

Wamama wakaguna kwa kukubali. Nikaskia damu inapanda. Nikasema, "Mami, kwa heshima, kama ni kodi yetu inarudi, mbona lazima tuipigie makofi?"

Hema ikalipuka. Hata pasta alificha kicheko. Mamangu aliniangalia tu, akakaa polepole, akapanga leso yake magotini. Tulipohesabu mikono, waliokataa walikuwa 61, waliotaka mabati 38. Pasta akasema basi, tutajenga wenyewe, kila mtu mzima alete elfu moja kufikia Krismasi. Tukasema amina. Amina ni neno rahisi sana.

Hiyo klipu niliiweka jioni hiyo hiyo. Ilitazamwa mara elfu kumi na nne. Kwa kanisa la hema kutoka Kianyaga! Watu wasiotujua wakatuandikia kwamba sisi ndio tumaini la nchi. Nililala nikitabasamu.

Kisha Oktoba ikafika na mvua yake.

Jumapili ya tatu ya mwezi huo, hema letu lilijaa maji katikati likavimba kama tumbo. Kijana wa sauti akaogopea spika zake, akachukua mpini wa ufagio akasukuma. Maji yote yakamwagikia safu ya tatu. Safu ya tatu ni ya washosho na wamama. Mamangu alikuwa hapo, na leso ile ile. Ibada ikaendelea. Nilimwona kupitia kamera akikamua leso taratibu, akiimba. Hakugeuka kuniangalia. Angenirushia maneno ningejitetea. Hakusema kitu, hadi tukafika nyumbani na akaniuliza kama nitakula chapati.

Wiki chache baadaye mweka hazina wetu, mama wa duka la nafaka, akaniomba nimpigie kwa kompyuta daftari lake la michango. Amezeeka macho, akasema. Sidhani ilikuwa macho.

Nilianza kuingiza majina. Shosho fulani, shilingi 50. Shosho mwingine, 100, na kuku mmoja aliyeuzwa. Mamangu: 200, 200, 150, 200. Halafu bonasi ya majani chai ilipoingia, 1,500 mara moja. Alikuwa amemaliza elfu yake, akapitisha. Nilipofika mwisho nikarudi juu nikahesabu tena, nikidhani nimeruka kurasa. Sikuwa nimeruka. Karibu wote waliotaka mabati walikuwa wametoa kitu. Sisi 61 wa mikono juu, waliotoa hata shilingi moja walikuwa tisa.

Jina langu lilikuwa hapo, kwa mwandiko wake mzuri. Mbele yake kulikuwa na kistari.

Na si ati sikuwa na pesa kabisa. Wiki ile ya kupiga kura nilinunua bando za 500 ili klipu ya sisi kukataa pesa ipande vizuri. Fikiria hiyo. Nilitoa shilingi 500 kuwaonyesha watu kwamba sinunuliki, na sikutoa hata moja kununua bati.

Katikati ya Novemba habari zikafika kutoka Nairobi. Askofu Mkuu wa Katoliki, Philip Anyolo, alikuwa amesema pesa ambazo rais alitoa katika kanisa la Soweto, zaidi ya shilingi milioni mbili, zirudishwe. Simu yangu karibu ishike moto. Kila msee alikuwa anasherehekea, na mimi nilifurahi, kwa kweli nilifurahi. Lakini daftari lilikuwa limeniharibia sherehe. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa ya nyumba ya padri. Nikawa najiuliza: hiyo nyumba sasa itajengwa na nani? Si na sisi tuliobonyeza moyo mwekundu. Itajengwa na mama fulani wa huko, na noti zake za hamsini.

Usiku huo nilikaa na mamangu jikoni, moto ukiwa umebaki makaa. Nikamwambia kuhusu kistari.

"Najua," akasema. "Mweka hazina ni rafiki yangu."

Nikamwambia bado naamini tulifanya vizuri kukataa.

"Hata mimi sasa naona hivyo," akasema. "Sikuwa na shida na hapana yenu. Shida yangu ilikuwa nani ataachiwa kuilipa."

Hiyo sentensi imenikaa kifuani kuliko mahubiri mengi niliyowahi kurekodi.

Tuelewane. Siandiki haya ili useme basi tungechukua mabati. Hapana, na nikipigishwa kura leo, mkono utapanda tena. Najua dakika tano za kusalimia huwa zinazaa nini: mwaka ujao ni kumi, halafu pasta anaanza kuchagua maneno, halafu kijana aliyepoteza rafiki kwenye maandamano anakaa kiti cha nyuma anaona nani ameketi mbele. Kuna kitu kingekufa hapo, na hakuna bati lingekifunika.

Ninachosema ni kwamba hapana si mwisho wa hadithi. Ukikataa pesa ya mtu, lile shimo ambalo pesa ingeziba bado liko, na mvua haijui ulipiga kura gani. Sisi vijana tulikataa kwa sauti kubwa tukaenda kulala, tukawaachia shimo watu wale wale ambao tayari walikuwa wamechoka. Hiyo sio imani. Ni kujionyesha kwa gharama ya mamako.

Kwa hivyo niliandika kwa grupu yetu ya vijana. Niliweka picha ya jina langu na kile kistari, sikuweka ya mtu mwingine. Nikasema nitatuma hamsini kila Jumatatu, nani yuko na mimi. Kimya. Halafu mmoja akasema ukweli: "Sina kazi tangu nimalize chuo." Na ni ukweli, wengi wetu tuko hivyo, na sitaki kumwaibisha mtu kwa sababu mfuko wake ni mtupu. Lakini kijana wa bodaboda akaandika, "Mimi sina elfu, lakini niko na pikipiki." Msichana mmoja akasema anaweza kuchuma majani chai Jumamosi akipata shamba. Mamangu akampatia mistari yake.

Usidhani baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Kuna Jumatatu walituma watu saba tu. Kuna mmoja alituma shilingi 20 na msamaha mrefu, nikamjibu tafadhali usiombe msamaha kwa 20. Krismasi ikafika, hatukuwa tumefikisha. Mimi nilipata kazi mbili za video za ruracio, nikatoa sehemu, nyingine ikalipa deni. Mzee mwenye shamba akatoa mikima mitatu, ikakatwa mbao. Bodaboda wakabeba mbao mbili mbili wakizishikilia kama mikuki. Vijana wakachimba mashimo ya nguzo, na waliochimba zaidi ni wale wasiokuwa na hamsini.

Aprili 2025 paa likapanda. Paa tu, mabati 54. Kuta bado. Upepo ukivuma mvua inaingia kwa pembeni, watu wanasogea katikati kama vifaranga.

Jumapili ya kwanza chini ya hilo paa ilinyesha sana. Kama umewahi kukaa chini ya mabati bila dari unajua hiyo kelele. Pasta alikuwa katikati ya mahubiri, maiki imefunguliwa mwisho, na hakuna aliyeskia neno. Kwa laivu ilikuwa ni mvua tu, watu wakaandika "sauti haifiki." Pasta akajaribu, akajaribu tena, akaacha. Akakaa. Tukakaa wote tukisikiliza mabati yetu.

Mamangu alikuwa safu ya tatu, mkavu. Alipoona nimemlenga na kamera akaniashiria kwa mkono: toa hiyo kitu, kuja ukae. Nikaweka kamera chini nikaenda.

Bado nadaiwa 300 kwenye daftari. Kuta zinahitaji mabati mengine na hakuna mheshimiwa amerudi. Nasema tu, kama wewe pia ulinyoosha mkono mahali fulani mwaka huo, kanisani, barabarani au kwa simu yako, siku moja uulize kwa utaratibu: bili ilienda kwa nani?