Pampu za Muda

Binti wa dada yangu anasomea uhandisi Juja. Likizo ya Aprili alikuja Bura kunijulia hali, nikampeleka Nanigi auone mto Tana. Alipoifikia nyumba ya mitambo akauliza, "Mjomba, hii ilikuwa ya nini?" Nikamwambia maji yote tuliyolimia yalipitia hapa, kwa pampu za dizeli. "Kwa dizeli? Miaka yote hiyo?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Siku zote nimekuwa nikisema tulihamia Bura 1981, pamoja na wakulima wa kwanza. Kadi ya marehemu baba ina muhuri wa Septemba 1982, mwezi mmoja baada ya ile Jumapili redio ilipotangaza mapinduzi. Haidhuru. Tulikuja kwa lori, mbuzi tukawaacha Machakos, tukapewa nyumba kijijini na shamba la pamba lisilo na hata kichaka cha kujikinga jua. Kwenye ramani mradi wa umwagiliaji ulikuwa wa hekta 6,700, na maji yangeteremka yenyewe kutoka kwenye banio la huko juu. Banio likaonekana ghali. Zikafungwa pampu za dizeli, za muda tu, tukaambiwa. Hekta zikaishia kama 2,500, na huo muda ukamzeesha baba.

Mwendeshaji wa pampu alikuwa Mpokomo mmoja mrefu ambaye watoto tulimwita Mzee Pampu. Alinukia dizeli hata siku ya Idi, kanzu ikiwa imetoka kupigwa pasi. Chai yake ilinukia dizeli, mahamri yake pia, na mpaka leo nikipita karibu na injini inayowaka tumbo hunguruma kwa njaa. Alikuwa na daftari la jalada gumu, na geji moja iliyopasuka kioo ambayo hakuiangalia kamwe. Alichoamini ni kiganja chake. Asubuhi alikiweka juu ya pampu ya kwanza, akafumba macho kama anayepima homa ya mtoto, kisha ya pili. Akisikia changarawe zinasagika ndani, ilhali changarawe hamna, alijua pampu inavuta kwa shida: takataka zimeziba chujio, au mto umeshuka. Wenzake waliona maji yanadondoka penye shafti wakakimbilia spana. Aliwazuia. "Iacheni itoe jasho. Mkiikaza itaungua, na mafuta mtayalipa ninyi."

Jambo lililomtoa povu ni vali. Maji yakizidi mferejini, vijana waliibana vali nusu na injini ikabaki kunguruma vile vile. "Unamkaba mtu koo halafu unamwambia aimbe!" Yeye alizima pampu moja kabisa, akaiacha nyingine ifanye kazi yake kwa raha. Sikujua kama hiyo ni elimu. Nilidhani ni ubahili.

Baada ya mazishi yake wanawe walinipa lile daftari, nami nikampa huyu binti alisome usiku ule. Kuna safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya lita. Safu ya maji hamna. Mzee aliandika kila tone la dizeli lililoingia, lakini maji yaliyotoka hakupewa chombo cha kuyapimia. Binti akachukua kalamu. Lita moja ya dizeli, injini ikiwa nzima na pampu nzima, hupandisha kama mita za ujazo 75 kwa kimo cha mita 10. Mapanga ya pampu yakishaliwa na mchanga, na Tana ni mto wa mchanga, lita ile ile itapandisha 50. Mfereji wa udongo ukinywa theluthi njiani, shambani zinafika 33. "Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mafuta mlikuwa mnamwagilia njia," akasema. Nilitaka kumkemea kwa ile "mlikuwa", kana kwamba vali nilibana mimi. Lakini hesabu ni hesabu. Sisi wote tulililia bei ya dizeli; ufa wa mfereji tuliuruka kwa miguu kila siku kwenda shule.

Mafuta yalianza kuchelewa. Msimu mmoja yalichelewa wiki tatu pamba ikiwa na vitumba, na baba alikaa mlangoni akisikiliza upande wa mto. Kimya. Hakulima pamba tena. Kwenye mradi wa Hola mambo yalikuwa mabaya zaidi: 1989 Tana ulihama, ukaziacha pampu zimeelekea mchanga. Miaka ya tisini ilikuwa ya mahindi ya msaada na mathenge, ule mti tulioletewa uwe kuni, ukaijaza mifereji. Mwongo uliofuata mradi ukafufuliwa. Kisha zikaja tingatinga kuchimba mfereji wa kilomita 26 kutoka Korakora, maji yateremke yenyewe. Yaani lile wazo la ramani ya kwanza.

Siku hizi kila kijana kando ya mto ana paneli zake za sola na pampu ya kubebwa kwa mkono. Nafurahi, halafu naudhika. Jirani yangu huiwasha jua likichomoza na kuizima likizama, matikiti maji yamesimama ndani ya tope, maji yanarudi mtoni. Nikisema, hunijibu kwa heshima zote, "Mzee, jua ni la bure."

Jioni ile tukirudi na binti tulipita kwake. Hakuwepo. Pampu ilikuwa inaunguruma vibaya. Niliinama, nikaweka kiganja, nikazisikia changarawe. Nikaingia majini na viatu vyangu, nikabandua majani kwenye chujio mkono mzima, na sauti ikatulia. Binti akaweka kiganja chake pale nilipotoa changu.