Nauli ya Mvua

Buruburu, Nairobi
Jumapili jioni

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa saa nane usiku nimeupata, pamoja na ile picha ya kompyuta uliyoipiga kwa simu mkono ukitetemeka kwa hasira. Unasema kwenye programu yako ya Python ulipandisha nauli ya matatu moja ikawa 100, baadaye ukaamuru zote ziwe 50, na ile moja ikakataa kushuka. Kompyuta haijarogwa, na wewe hujapotea sana. Hiyo ni nauli ya mvua.

Kumbuka jioni za Aprili, uko mjini unangoja matatu namba 58 na mbingu imefunguka. Makanga mmoja anatazama watu waliojifunika magazeti kichwani, anapaza sauti: mia! Sacco ya matatu haijasema mia. Ofisini bado ni hamsini. Lakini ukipanda gari lile utalipa mia. Python nayo hufanya kama abiria huyo: humuuliza kwanza makanga aliye mbele yake, na asipopata jibu ndipo aende kuuliza ofisini. Ulipoandika gari3.nauli = 100 hukuigusa nauli ya sacco hata kidogo. Ulilipatia gari hilo nauli yake binafsi, ikasimama mbele ya ile ya wote na kuifunika. Kisha ukaandika Matatu.nauli = 50, ambalo ni agizo la ofisi, na kila gari lisilo na neno lake likatii. Gari la tatu lina lake. Mvua imekatika, makanga bado anadai mia.

Usimwandikie 50 nyingine ukadhani umemaliza kazi. Ataing'ang'ania hiyo 50 hata siku sacco itakapopandisha iwe 70. Ifute kabisa: del gari3.nauli. Akikosa neno lake, atarudi kwenye la ofisi.

Wewe hukuwa umezaliwa Februari 2004, sheria za matatu za Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kazi. Kabla ya hapo idadi ya abiria ilikuwa kigeu cha kila gari. Kila makanga na imani yake, na magoti yetu ndiyo yaliyojua hesabu. Ikaja amri moja: Nissan hubeba watu 14, basi. Pamoja na mikanda, mstari wa manjano na kidhibiti cha mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Siku zile za mwanzo magari mengi hayakuwa tayari, na Eastlands tulitembea kwenda kazini tukiwa umati. Hiyo 14 ndiyo kigeu cha klasi. Haikuandikwa kwa gari hili au lile. Imeandikwa mara moja, juu, na kila gari linaisoma kutoka huko.

Sasa nikuambie aibu yangu, kwa sababu naona unaielekea. Programu yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya ploti moja ya ghorofa kule Umoja, nyumba 24, kodi shilingi 8,500. Niliunda klasi ya Mpangaji, na juu kabisa, nje ya methodi zote, nikaweka orodha tupu ya malipo. Nilidhani kila mpangaji atapewa orodha yake. Tarehe tano keyateka wa ploti akanipigia simu akicheka na kulia kwa pamoja. Wapangaji 18 walikuwa wamelipa, na programu ilisema kila mmoja wa wale 24 amelipa 153,000. Hata yule wa chumba cha chini ambaye keyateka alikuwa tayari amemnunulia kufuli.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: mbona nauli ya gari3 ilijitenga, na malipo yangu yakachanganyika? Fikiria tangi lililo juu ya paa la ploti. Ukinunua jerikeni yako ukaiweka jikoni, hiyo ni yako, na tangi halijui. Alama ya = kwa gari moja ni kununua jerikeni. Lakini mimi sikununulia mtu jerikeni. Kila malipo yalipoingia niliyaongeza ndani ya orodha iliyokuwapo, yaani nilipanda juu nikamimina kwenye tangi, na kila aliyefungua mfereji wake aliona maji ya wote. Dawa yake ni kuiunda orodha ndani ya __init__, ili kila mpangaji anapoingia akabidhiwe yake mlangoni pamoja na ufunguo.

Methodi za klasi hazitakusumbua. Ukitaka kujua sacco ina magari mangapi, humuulizi dereva, unakwenda ofisini. Methodi ya kawaida hupokea self, gari lenyewe. Ya klasi hupokea cls, ofisi. Ile iitwayo static haipokei yeyote kati yao. Ni mpita njia aliyesimama stejini, anayejua kugawanya chenji na hana hisa popote. Alama ya @ unayoibandika juu yake ilikuja na Python 2.4, mwaka ule ule wa Michuki. Na ukianza Java muhula ujao, utashangaa kwa nini methodi yao ya main kwa miaka mingi ililazimika kuwa static. Asubuhi ofisi hufunguliwa kabla ya gari lolote kutoka. Lazima awepo mtu wa kuwasha taa, na bado hakuna objekti hata moja ya kumtuma.

Mimi hutumia vigeu vya klasi kwa uchoyo. Kitu cha wote kikiharibika, hakuna aliyekigusa. Muulize keyateka yeyote kuhusu balbu ya ngazini.

Kabla hujanitumia faili lako, fanya jambo moja. Weka idadi = 0 juu ya klasi ya Matatu, kisha ndani ya __init__ andika self.idadi += 1. Unda magari matatu, uchapishe Matatu.idadi. Halafu badilisha self iwe Matatu, urudie. Ukijua kwa nini majibu ni tofauti, nipigie simu. Mchana.

Mjomba wako