Dawa ya chunusi iliyofichwa juu ya kabati

Dawa nyingi za chunusi haziachwi kwa sababu zimeshindwa. Zinaachwa wiki ya tatu, uso unapoonekana mbaya kuliko siku ya kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti mmoja wa kidato cha tatu, Mbagala. Daktari wa ngozi alimwandikia krimu ya tretinoini. Wiki ya tatu ngozi ilikuwa inabanduka, inawasha, na chunusi mpya zimejaa kidevuni. Mama yake akaificha tyubu juu ya kabati. "Hii inamuunguza mwanangu," akasema. Siku hiyo hiyo shangazi mtu akaleta kikopo cha mkorogo kisicho na lebo.

Mama gani asingefanya hivyo? Hakuna aliyekuwa amemweleza. Tretinoini inatokana na vitamini A, na si dawa ya jana: Marekani iliidhinisha kwa chunusi mwaka 1971. Huharakisha ngozi kujivua na kuzibua vitundu vilivyoziba, ndiyo maana mwanzoni uso unaweza kuchafuka. Nafuu huonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12. Madoa meusi hukawia zaidi, na kwa ngozi zetu madoa ndiyo yanayowaliza mabinti kuliko chunusi zenyewe.

Hapo ndipo mkorogo unapopata mlango. Ukiwa na steroidi kali, uso hulainika ndani ya siku chache na kila mtu anasifia. Baadaye ngozi hunyauka, na chunusi hurudi kwa hasira.

Waliporudi kliniki, kosa lilionekana haraka: binti alikuwa anapaka kama mafuta ya mgando. Kipimo ni punje moja ya njegere kwa uso mzima, usiku, juu ya ngozi kavu. Aliambiwa aanze upya, siku moja apake, siku moja apumzike, akipaka na mafuta ya kulainisha. Mchana, losheni ya kukinga jua.

Kisha daktari akamwomba mama atoke kidogo. Dawa za jamii hii hazitumiki wakati wa ujauzito, na swali hilo msichana hulijibu vizuri zaidi akiwa peke yake. Mama alikaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani. Binti alipotoka hakumuuliza kitu. Walipitia duka la dawa, wakanunua losheni, wakapanda daladala.