Uji wa Mashudu

Likizo ya mwaka wa pili nilirudi nyumbani Rungwe kichwa kikiwa kimevimba. Nilikuwa nimefaulu somo la lishe ya mifugo bila sapu, na bandani kulikuwa na ndama wa wiki tatu anayekunywa lita 4 za maziwa kwa siku. Mnaosubiri bumu mtanielewa: ndani ya ile ndoo mimi niliona nauli na hela ya kula.

Nikamwambia Mama, "Protini ni protini. Tumkorogee mashudu ya alizeti kama uji, maziwa tuuze."

"Ndivyo mlivyofundishwa, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

Siku ya tatu ndama akaanza kuhara. Ya tano akashindwa kusimama. Bwana mifugo alipofika aliniuliza swali moja tu: "Huyu ana matumbo mangapi yanayofanya kazi?"

"Manne."

"Kwa sasa hesabu moja."

Hapo ndipo noti zangu zikaanza kuniingia. Ndama akinywa maziwa, mfereji mdogo hujikunja na kuyapeleka moja kwa moja tumbo la nne. Huko yanaganda na kumeng'enywa polepole. Tumbo hilo changa linaiweza protini ya maziwa, ya mashudu bado. Ng'ombe mkubwa anayafaidi mashudu kwa sababu tumbo lake la kwanza, rumeni, limejaa vijidudu wanaoivunja protini hiyo na kujijenga kwayo, halafu wao wenyewe wanameng'enywa mbele ya safari. Ndama wetu hakuwa na jeshi hilo.

Lakini chakula kikavu nacho kina kazi yake. Pumba na mashudu makavu, kiganja kimoja kimoja, huangukia kwenye rumeni, huchachuka, na asidi zinazotoka humo ndizo zinazoikuza. Kwa hiyo maziwa yanamlisha leo, kikavu kinamjengea tumbo la kesho. Mimi nilitaka kesho ifike kabla ya leo.

Tulirudisha maziwa, tukamnywesha maji ya chumvi na sukari, akapona. Hela niliyotaka kuokoa iliishia kwenye dawa. Aliachishwa maziwa baada ya miezi mitatu, akiwa tayari anacheua.

Siku hizi Mama akipiga simu huuliza, "Leo mmefundishwa nini?" Nami sijibu kabla sijafungua daftari.