Popole Misenga na Judo

Katika vilima vya Masisi mtoto hupata mchezo nyumbani. Kaka humfungia mdogo wake mpira wa majani makavu ya mgomba. Baba akirudi kutoka malishoni, humwonyesha namna ya kuupiga. Kule Walikale, penye msitu mkubwa, ni vivyo hivyo. Lakini vita ikifika, mpira huachwa uani, watu hukimbia. Je, mtoto aliyepotewa na wazazi atafundishwa na nani?

Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Alipokuwa na miaka 9, vita ya Kisangani ilimtenga na jamaa zake. Alikaa msituni siku 8. Waliomwokoa wakampeleka Kinshasa, katika nyumba ya watoto waliokimbia vita. Huko akakuta judo, mieleka ya Kijapani: mtu humshika mwenzake nguo na kumwangusha, wala hampigi ngumi. Baadaye alisema kwamba mtoto huhitaji jamaa wa kumwambia la kufanya, naye hakuwa nao. Judo ndiyo iliyompa utulivu na adabu. Si neno dogo hilo.

Mwaka 2013 alibaki Brazili, akawa mkimbizi. Mwaka 2016 alichaguliwa katika kikosi cha wakimbizi 10 cha Michezo ya Olimpiki, mjini Rio de Janeiro. Alipoulizwa habari za kwao alilia: ana ndugu wawili, lakini hajui tena sura zao, maana walitengana wangali wadogo.

Uwanjani alimshinda Avtar Singh wa India. Kisha akaangushwa na Gwak Dong-han wa Korea, bingwa wa dunia wa mwaka 2015. Wenyeji walikuwa wakiliita jina lake: Popole! Popole!