Mbizi ya Kwanza
Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1470, lakini sisi wanafunzi wa kupiga mbizi zatutosha mita 5. Huko Kigoma, ng'ambo ya Kongo yetu, karibu kabisa na mji, twaingia majini kwa miguu toka ufukoni, mtungi wa hewa mgongoni. Masikio ndiyo yalalamikayo kwanza; basi twabana pua na kupuliza polepole kabla maumivu hayajaja. Amri iliyo kubwa ni hii: usizuie pumzi kamwe. Hewa iliyovutwa chini hupanuka mtu apandapo, nayo yaweza kupasua mapafu, hata katika maji mafupi. Kijana mwenye haraka na atafakari hayo! Na wale samaki wadogo wakaao maweni, wengi wao Muumba hakuwaweka katika ziwa jingine lolote.